Seng'enge Ambayo Haikuwepo

Nakumbuka ile siku niliyoagizwa niombe msamaha redioni, nami damu inanichemka. Mwanangu, wewe uliyeanza uandishi juzi, keti nikusimulie, chai bado ipo.

Nilikuwa mtangazaji wa kituo kidogo hapa Isiolo. Nilitangaza kwamba mheshimiwa mmoja amezungushia seng'enge kisima cha umma kule Ngaremara, na wafugaji wanafukuzwa, mbuzi wao wana kiu. Nilikwenda mwenyewe nikaiona, hata ikanichania buibui. Mheshimiwa akaja juu. Akasema hakuna seng'enge yoyote, na nisipomwomba msamaha hewani, kazi sina. Meneja wangu, maskini, aliogopa kuliko mimi.

Nikaenda Kiwanjani kwa mjomba Guyo, nimwonjeshe matusi niliyomwandalia yule bwana. Ujanani mjomba ndiye aliyetumwa na wazee kutangulia kutafuta maji na malisho kabla mifugo haijahamishwa. Mtu wa kazi ile akirudi haulizwi kitu mpaka anywe maziwa, hasira na uchovu vishuke, maana neno lake moja likipotoka, ng'ombe wa watu wanafia njiani. Nilipofungua mdomo tu, akanipa kikombe.

"Kunywa kwanza, wewe."

Nikanywa. Ndipo akauliza, "Sasa, watu wanataka nini? Matusi yako ama maji?"

"Maji, mjomba."

"Na huyo mkubwa anasema aje?"

"Anasema hakuna seng'enge."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Si utangaze hivyo basi! Sema vile amesema, usitie chumvi."

Asubuhi nikaingia hewani kwa adabu ya bibi harusi. "Salaam aleikum, wasikilizaji. Mimi niliona seng'enge, na neno langu ni lile lile. Lakini mheshimiwa mwenyewe anasema haipo. Kwa hivyo wenye mifugo, nendeni mkanyweshe. Mkizuiwa, semeni ni mheshimiwa amesema."

Wallahi, mwanangu, kabla ya adhuhuri kisima kilijaa mbuzi, punda na ngamia! Walinzi wakampigia mkubwa wao simu, naye angesema nini? Njia ya mwongo fupi. Waliikunja seng'enge wenyewe, na mimi nililia kwa furaha mbele ya kipaza sauti.

Baadaye nilifutwa kazi kwa jambo jingine. Nikaandikia magazeti, nikaandamana, nikalala selo, nikatoka nikaendelea. Sijutii hata kidogo.

Basi mwanangu, hasira hasara. Nenda ukaone kwa macho yako. Ukitishwa, usilikane neno la kweli, wala usilipake matusi, kwa maana matusi humpa mwongo nafasi ya kujifanya ndiye aliyeonewa. Tulia kwanza, ukumbuke unamsemea nani.

Mungu akupe macho yasiyokwepa na ulimi usionunulika. Akujaalie pia wakubwa wanaodanganya hadharani, watu wote wakisikia, ili kazi yako iwe nyepesi. Amin.