Watoto Wanane wa Mkalimani

Nilianza kazi ya ukarani katika shamba moja la chai karibu na Kiptere miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, sina mke, sina hata ndevu. Meneja alikuwa amefika majuzi tu kutoka Ulaya, Kiswahili hajui, basi nikaambiwa niwe pia mkalimani wake. Mwalimu wangu alikuwa ametufundisha kwamba mkalimani mzuri hasemi "anasema". Husema "mimi", kana kwamba maneno ni yake. Nafsi ya tatu, alituambia, ni ya wasengenyaji.

Asubuhi moja alikuja ofisini mzee mmoja mchuma chai, mtu wa upande wa Kisii. Alieleza kwamba paa lake linavuja, watoto wake wanane wanalala wameketi, na mkewe ametishia kurudi kwao. Nikasimama wima nikatafsiri bila kukosea: paa langu, watoto wangu wanane, mke wangu. Meneja alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, nami nikadhani anapendezwa na Kiingereza changu. Akauliza nilioa nikiwa na umri gani. Nikamgeukia mzee nikamtafsiria, naye akajibu kumi na tisa. Nikasema kumi na tisa. Meneja akatikisa kichwa kwa huruma.

Jioni niliporudi nyumbani nilikuta fundi amemaliza kupigilia mabati mapya juu ya chumba changu, ambacho hakijawahi kuvuja hata tone. Mzee alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, anayatazama.

Kesho yake nilimwendea meneja. Kiingereza chote kilinikimbia.

"Bwana," nikamwambia, "yule mimi wa jana si mimi. Ni yeye."

Aliniacha nieleze mpaka mwisho, hakucheka, kisha akaniamuru niyabandue mabati kwa mikono yangu na kuyapeleka yanakostahili. Nikapanda juu ya nyumba ya mzee na nyundo yangu. Mkewe alinishikia ngazi, na majirani wote walitoka kutazama.

"Baba watoto, polepole usianguke," akaniambia, na mumewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Tangu siku hiyo nilitafsiri kwa "anasema", "amesema" na "anadai". Meneja alilalamika kwamba maneno yangu yamekuwa marefu mno. Nilimwacha alalamike.