Thelathini na Sita, Mara Mbili

Gurudumu la nyuma la pikipiki yangu lilikuwa na spoki thelathini na sita. Najua kwa sababu nilizihesabu kila mara rafiki yangu fundi alipolifungua, tena mara mbili, kwenda na kurudi. Yeye ndiye aliyenizoesha.

"Hesabu spoki, mshikaji," alikuwa akisema, "usije ukatangaza mjini nimekuibia."

Kisha ananiagizia chai kwa mama wa ng'ambo ya barabara. Mimi nakunywa na kuhesabu, yeye ananipa mgongo na kushughulika na tairi.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Sumbawanga ambayo jana yalikuwa na rafu tupu na sura ya mwenye duka yalianza kujaa, na mtu mwenye pikipiki iliyokwisha kuchoshwa na wenyewe wawili aliweza kujiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa nafuata maharage njia ya Matai. Tyubu mpya niliifuata mwenyewe hadi Tunduma. Nilimbana muuzaji mpaka akaniuliza kama nataka anipe na shati lake. Nikamwambia aligeuze kwanza nione kola. Nikarudi na tyubu, nikamkabidhi rafiki yangu. Akaifunga, nikahesabu spoki.

Miezi michache baadaye tairi lenyewe likawa kipara. Jipya nilikuwa nalo tayari, lakini fundi alikuwa anashuka Milepa kumsaidia mjomba wake kuvuna mpunga.

"Usiliguse gurudumu la nyuma mpaka nirudi," akaniambia. "Utapinda rimu bure."

Nikamwambia mke wangu: umeona mtu anavyonijali?

Nilivumilia siku nne. Ya tano nikasikia wenzangu wameshaanza kupakia maharage, nikatandika gunia uani na kutoa spana. Nililegeza nati ya ekseli pikipiki ikiwa bado imekanyaga chini, kama nilivyomwona yeye akifanya. Nikaisimamisha kwenye stendi, nikafungua fimbo ya breki, nikasukuma gurudumu mbele, cheni ikalegea, nikaitoa. Ekseli ilipochomoka, bushi mbili, vile vipete vya chuma vya kandokando ya gurudumu, zikaanguka. Moja fupi, moja ndefu. Nikazipanga kwenye gunia, kila moja upande wake, nikazihesabu. Mara mbili, ingawa zilikuwa mbili tu.

Nikatoa upepo wote, nikalilaza gurudumu, nikakanyaga tairi kulizunguka mpaka likabanduka kwenye rimu. Nikapaka maji ya sabuni, nikapenyeza vyuma viwili bapa, nikavuta. Upande mmoja ukatoka. Nikaingiza mkono kuchomoa tyubu yangu ya Tunduma.

Ilitoka na viraka tisa. Kimoja kilikuwa chekundu. Vingine vilikuwa vya zamani hata kingo zake zimeshika vumbi gumu. Nikahesabu tena. Tisa.

Nilikaa kwenye gunia. Mwezi uliopita tu nilimpakia mke wangu, mtoto mgongoni, tukateremka ule mlima wa kwenda bondeni kumsalimia mama yake. Asubuhi ile rafiki yangu alitujazia upepo mwenyewe, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Nendeni salama, shemeji," alimwambia mke wangu. "Hapa mmekalia kitu kipya."

Sikufunga chochote. Aliporudi kutoka Milepa nilibeba gurudumu begani hadi kwenye kibanda chake, tyubu ikining'inia shingoni.

"Umefungua," akasema. Hata salamu hakutoa.

"Nimefungua. Yangu iko wapi?"

"Nilimfungia mtu wa Namanyere. Yule ana safari ndefu, wewe njia zako za hapa hapa. Nilisema moyoni zikija nyingine nitakurudishia."

"Na siku ile tunateremka na mtoto?"

Akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Upepo nilijaza vizuri."

"Sasa spoki ulikuwa unanihesabisha za nini?"

Akaangalia chini, karibu acheke. "Ndugu yangu, wewe usipopewa kitu cha kuhesabu, unahesabu kila kitu."

Alisema bila ubaya, kama anataja namba ya spana. Miaka yote ile nilidhani kujuliwa hivyo na mtu ndio urafiki. Kumbe alinijua kama anavyojua kufuli mtu mwenye ufunguo wake.

Akanyoosha mkono kupokea gurudumu. "Leta basi nikufungie na lile tairi jipya. Chai naagiza."

"Tyubu nitatafuta mwenyewe, na nitafunga mwenyewe," nikasema, nikaliweka gurudumu chini. "Nipe pampu tu. Wewe kaa hapo, hesabu spoki."

Nilidhani atanitukana. Akachuchumaa, akashika ya kwanza karibu na tundu la valvu, midomo ikaanza kucheza. Alipomaliza akasema, "Thelathini na sita," akaningojea nizirudie. Sikuzirudia. Nilibeba gurudumu langu na pampu yake, nikaondoka. Pampu nilimrudishia kesho yake kupitia kwa mama wa chai.