Boksi la Ukutani Keko

Sifa zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho, kisha akatupa nuru ya kuonea.

Enzi za Mwingereza, baba yangu alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa Keko, na macho yake yalikuwa yamechoka. Ramadhani ile alitamani kusoma Kurani kwa taa ya umeme. Mume wangu, fundi umeme, akajitolea kuifunga msikitini. Alipovuta nyaya ndani ya bomba la ukutani, mmoja ukawa mfupi, ukaishia kwenye kona. Waya mwingine haukupatikana, na mwezi ulikaribia kuandama.

"Uunge hapo hapo, uusukume ndani," alisema baba. "Nani atauona?"

"Hiyo ndiyo shida, baba," alijibu mume wangu. "Kiungo hakifichwi ndani ya bomba. Hukaa kwenye boksi lenye kifuniko, ili kikilegea mtu afungue akione. Humo ndani kitashika moto nanyi mmesujudu."

Kuweka boksi kulitaka kuvunja ukuta ambao mimi na kina mama wenzangu tulikuwa tumetoka kuupaka chokaa. Baba akaupapasa, akanitazama. Nikaenda kukoroga chokaa nyingine.

Siku ya kwanza ya mfungo, baada ya futari, baba alisoma bila kidole chake kuutafuta mstari.

Tangu hapo, kila Shaabani alimwita mume wangu: "Mkwe, njoo ufungue boksi tukione kiungo." Walifungua, wakachungulia wote wawili, wakafunga.

Nawe unayesoma, Mungu akujaalie nuru nyumbani, na mtu wa kukuangalizia.