Siku Nilipouhamishia Msitu wa Kakamega Rågsved

Kuna aibu mtu huzikwa nazo, lakini hii yangu nimeamua niiseme mwenyewe kabla mume wangu, Baba Imani, hajaisimulia tena kanisani, maana yeye huitia chumvi na kujifanya shujaa, na ukweli ni kwamba siku hiyo alikuwa amevaa malapa.

Mimi nafanya kazi katika nyumba ya wazee huku Sundbyberg, Uswidi, huu mwaka wa sita, na kati ya wazee wangu nampenda zaidi Birgitta (hapa hata mtu wa miaka tisini unamwita kwa jina tupu, ulimi wangu ulichukua miaka miwili kukubali). Birgitta na marehemu mumewe walipanga miaka nenda miaka rudi kwenda Afrika kuona msitu wa mvua, msitu wenye mto ndani yake, lakini mara watoto, mara kazi, mara figo za mume, mwishowe mume akafa na miguu ya Birgitta ikagoma. Siku moja namkata kucha akaniuliza, "Rose, mto wa msituni unalia vipi?" Sasa mimi mtoto wa Kakamega, niliyelelewa kando kabisa ya msitu, nikajaribu kuuiga kwa mdomo nikashindwa. Nikamwambia usijali, nitakupeleka.

Kupeleka kwenyewe ni kwa simu, jameni. Binamu yangu Shikuku huongoza watalii katika Msitu wa Kakamega, tukapatana atembee mpaka Mto Isiukhu huku simu yake ikituonyesha, na mimi niiunganishe simu yangu na runinga ya sebuleni nikitafsiri. Nikabandika tangazo ukutani lenye picha yake na kofia yake ya kijani. Kila asubuhi Birgitta alikuwa akiniuliza zimebaki siku ngapi.

Shikuku aliniambia mapema, "Dada, iwe asubuhi. Wewe si mgeni, unajua mchana huku ni mvua." Najua! Mvua hiyo imeninyeshea utoto wangu wote! Lakini bosi akasema itapendeza zaidi saa nane mchana, wakati wa kahawa na keki, na mimi mbele ya bosi huwa nina maneno mawili tu, hakuna shida. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Siku ikafika. Birgitta akaja na kiti chake cha magurudumu, miguuni buti za kutembelea milimani ambazo mwanawe alizitoa stoo, mapajani mkoba wa safari na chupa ya chai. Wazee kumi na mmoja wamekaa safu mbili, bosi nyuma. Saa nane kasoro dakika tano simu ikatetemeka, ujumbe wa Shikuku: "Dada, mvua kubwa, mtandao umekata huku bondeni. Napanda darajani. Nisubiri kidogo."

Kidogo! Nyinyi mnaijua kidogo ya kwetu, yaweza kuwa dakika tano na yaweza kuwa mpaka ng'ombe warudi. Na hawa ni Waswidi, ukimwambia saa nane, saa nane kasoro dakika moja yuko mlangoni anasubiri igonge. Bosi akatazama saa yake. Mimi nikajiambia, sasa watasema ndio hao Waafrika na saa zao, na badala ya kufungua mdomo niseme tusubiri kidogo (maneno mawili, jamani, maneno mawili!), nikatoka koridoni nikampigia mume wangu, aliyekuwa nyumbani Rågsved siku yake ya mapumziko.

"Baba Imani, ingia msituni hapo nyuma ya nyumba, nikupigie video. Usionyeshe uso. Sema Kiswahili tu."

"Msitu gani tena? Ule una kupe!"

"Nenda!"

Nikagawa keki haraka haraka mpaka krimu ikaingia kwenye mkono wa sweta la mtu, kisha nikawasha runinga. Mwanzo ulikuwa mzuri, nawaambia ukweli. Kuvu za kijani juu ya mawe, majani ya porini, Baba Imani anahema kama aliyepanda mlima. "Huu ni msitu," akasema kwa sauti ya mhubiri. Mimi nikatafsiri maneno matatu hayo kwa dakika nzima, nikatia na nyani.

Mara akainua simu juu kidogo, na pale mbele ya macho ya wazee kumi na mmoja ukatokea ule mti mweupe wenye gome linalobanduka kama karatasi, ambao Mswidi anaujua kama sisi tunavyoujua mgomba. Mzee Lennart, aliyefanya kazi ya mbao maisha yake yote, akaweka kikombe chini. "Huo ni wa kwetu."

"Wakoloni waliupanda," nikajibu. Nilijibu haraka hivyo mpaka nikajishangaa.

Papo hapo simu ikaanza: Shikuku anapiga. Nikafuta kwa kidole bila kupokea. Akapiga tena, nikafuta. Mguu wangu ulikuwa unapiga sakafu wenyewe, nakaa, nasimama, natafsiri, nafuta, na Baba Imani kwa kuhangaika akaacha njia akaingia kichakani, akakanyaga kitu cha rangi ya kiini cha yai. Sebule nzima ikapiga ukelele! Kumbe ni ule uyoga wao wanaouthamini kuliko nyama, mtu hamwambii hata ndugu yake anakouchuma. Lennart alinyanyuka kutoka kitini, yeye ambaye kila asubuhi tunamnyanyua watu wawili. "Toa mguu! Mwambie atoe mguu!"

Na kabla sijasema neno akapita mama mmoja anakimbia na mbwa, akamsalimu, "Hej hej!" Nikasema, "Mtalii." Yule mama akasimama akamuuliza Baba Imani kwa Kiswidi kama amepata uyoga wa kutosha, naye, kwa adabu aliyofunzwa na mama yake, akamjibu kwa Kiswidi, "Hapana, mimi nimetumwa tu na mke wangu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata kituo cha treni.

Ndipo simu ikalia mara ya saba, na ndipo nilipoinua macho nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa: kinachotokea kwenye simu yangu hutokea na kwenye runinga. Yaani mara zote saba uso wa Shikuku, kofia ya kijani na jina lake, ulikuwa unatokea pale juu, mkubwa kama sinia, na wote wanautazama, na wote wanaona mimi ninavyoufuta.

Birgitta akasema polepole, "Rose, mjibu huyo mtu."

Nikamkatia mume wangu, nikapokea. Shikuku alikuwa darajani, amejifunika karatasi la nailoni, maji yanamchuruzika puani. "Dada, mbona hupokei? Nimepiga mpaka betri..." Kisha akakumbuka kazi, akajiweka sawa, akatabasamu, na kwa Kiswidi alichojifundisha peke yake wiki tatu nzima akasema, "Siku njema, Birgitta. Karibu." Akageuza simu. Mto Isiukhu ulikuwa umefura, mwekundu, unabeba matawi, na miti imeuinamia pande zote mbili, na ule mlio, jamani, mlio wa nyumbani, ukajaa sebule yote. Birgitta aliinama mbele mpaka mkoba ukaanguka. Alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio.

Haikufika dakika mbili. Runinga ikawa nyeusi. Betri ya Shikuku ilikuwa imeliwa na simu nilizozikataa mimi.

Bosi aliniita ofisini, na aliyosema nilistahili, siwezi kubisha. Lakini hayo hayakuniuma kama ya Birgitta. Nilienda kumvua zile buti, nikapiga magoti pale huku nalia kabisa, nikamwambia niliogopa kuwaambia msubiri.

Akanishika bega. "Nilijua tangu mti wa kwanza, nilikuwa nangoja useme. Rose, mimi nimeusubiri mto huo miaka arobaini. Ningeshindwa kuusubiri dakika ishirini?"

Baba Imani aliokota uyoga uliosalimika akamletea Lennart, wao wawili wamekuwa marafiki. Mimi nimeapa: mtu wangu akiniambia nisubiri, nitasubiri, na nitasema mbele za watu kwamba nasubiri, hata wakitazama saa. Shikuku amekubali kurudi mtoni Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, na betri mbili. Birgitta amekataa kuzirudisha buti stoo. Ziko chini ya kitanda chake, na kila asubuhi nikifungua pazia ananiuliza kabla hata ya salamu, "Huko leo kunanyesha?"