Wakwe Kwenye Bahasha

Msimamizi wetu wa karakana ya bahasha alikuwa mtu anayeheshimika sana, hasa na yeye mwenyewe. Alipokuja alitukuta wakunjaji tunasema "hiki" na "kile", na kazi inakwenda. Lakini mwenye akili nyingi haoni kitu kimetulia asikisumbue. Akavipa vipande vya bahasha majina. Cha chini, kinachobeba mzigo wote na hakuna anayekiona, ni baba mkwe. Viwili vya ubavuni, vinavyoingia kutoka huku na huku bila kuitwa, ni mashemeji. Na cha juu, chenye gundi ya kulambwa, ni mama mkwe: huja mwisho, hufunika wote, na akishabana humtoi ila kwa kuchana.

Tulicheka. Msimamizi akichekesha unacheka, kama bado unakitaka kibarua. Baada ya muda hatukucheka tena, yakawa majina ya kazi tu. Mama mkwe kapinda, mrudie. Mama mkwe mpake gundi, usimjaze. Waliokuja nyuma yetu walidhani ndivyo dunia nzima inavyosema.

Yangeishia mezani kwetu ingekuwa heri. Bwana akayabeba mpaka nyumbani. Foronya iliyobana mto ikawa shemeji mkubwa, kwa unene. Mlango wa kabati usiotulia ukawa shemeji mdogo. Kifuniko cha sufuria kinachopiga kelele maji yakichemka, huyo mshamjua. Mkewe alivumilia, alivumilia, mwisho akatoa sanduku na kupanga nguo zake. Na bwana, kwa busara aliyojaliwa, akaona hiyo ndiyo saa ya kumwambia kwamba zile bawaba za sanduku ni shangazi zake: zinalia kila siku lakini hazikatiki.

Mke akaenda kwa mama yake. Akaulizwa kulikoni, akanyamaza. Utamwambiaje mama mzazi kwamba kule anachemkia juu ya sufuria?

Msimamizi alikonda mpaka aproni ikamzunguka mara mbili. Akatuma kaka yake, akatuma mjomba wake, akatuma na jirani, mke arudi. Wote walirudi peke yao.

Asubuhi moja akaingia karakanani mama mkwe mwenyewe, wa damu na nyama. Mwembamba, mkoba kwapani, mwendo wa mtu anayejua anachofuata. Msimamizi alimwamkia nusura apige magoti, akampisha kwenye stuli yake kichwani mwa meza. Mama akasema hakuja kugombana. Binti hasemi kitu, na yeye hawezi kumrudisha mtoto mahali asipopajua, kwa hiyo amekuja kumwona mkwewe alivyo. Tuendelee na kazi, atatazama.

Tuendelee kwa mdomo gani? Hapo ndipo tulipogundua karakana nzima haina jina jingine. Mpakaji wa gundi alitaka ashikiwe kipande cha juu, akanyoosha kidole. Mwenzangu akaniashiria kwa kidevu kwamba wangu kapinda. Mwingine akaguna. Watu wazima, tuna watoto wetu, tunaongea kwa nyusi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, upepo usipeperushe karatasi, na msimamizi alikuwa anatiririka jasho.

"Hawa ni mabubu?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Wanakuheshimu."

"Heshima gani hii ya kuguna?" Akanigeukia mimi. Sijui kwa nini watu wakitaka ukweli huutafuta usoni kwangu. "Hebu wewe mwenzangu, hiki mnakiitaje?"

Alikuwa ameshika cha juu. Nikamtazama msimamizi, naye akatazama dari. Silipwi kudanganya, nikasema. Nikamtajia na baba mkwe, na mashemeji, na kila mmoja kwa sababu yake, na yale ya sufuria, ambayo bwana alikuwa akitusimulia kila asubuhi kwa fahari.

Mama akaigeuza bahasha. Akaifunga, akaifungua. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotutisha.

"Ukoo wangu wote umo humu," akasema. "Mwanangu ni kipi?"

Mtu mwenye jina la kila kitu akakosa neno. Akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena.

"Yeye sikumpa," akasema mwishowe. "Yeye siwezi kumfanyia mzaha, mama."

"Ulishamwambia hivyo?"

"Nimetuma watu."

"Watu wako nimewasikiliza. Mmoja kasema nyumba ina vumbi, mwingine kasema hakuna wa kukufulia, wa tatu kasema unakonda. Hilo hakulileta mtu." Akamwonyesha mlango. "Nenda kaseme mwenyewe, baba. Na sisi wengine utuache tupumzike."

Akaenda vilevile, na aproni iliyokakamaa gundi. Mkewe alimsimamisha uani akamtaka ayarudie maneno yake mpaka majirani wakashiba kusikiliza, kisha akachukua vitu vyake wakaondoka pamoja.

Msiba ukabaki kwetu. Mama hakuinuka kwenye ile stuli. Alivuta rundo, akakagua, akaona pembe zetu hazilingani. Tangu siku hiyo anakuja kila asubuhi, hana cheo, hajaajiriwa, na hakuna aliyezaliwa wa kumwambia. Mwenye karakana anasema bahasha hazijawahi kunyooka hivi. Msimamizi anakunja pamoja nasi, na akipinda, anarudia.