Kikapu cha Kahawa Pale Mapokezi

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti ukae, na kama una kitu mdomoni kimeze kwanza, maana habari hii nikiisimulia watu hupaliwa, na nimeshachoka kuwapigapiga watu mgongoni. Aibu yenyewe ni yangu, sikuazima kwa mtu. Nilifundisha shule ya msingi hapa Bukoba mpaka nikastaafu, nikawafundisha watoto wa watu kufikiri kabla ya kutenda, na nilifundisha vizuri, ila inaonekana siku ya somo lile mimi mwenyewe sikuhudhuria.

Nitakueleza polepole, usiwe na wasiwasi, hutapotea.

Mujuni ni mtoto wa marehemu kaka yangu na nimemlea mimi. Alimpenda binti wa Kagoma, kule Muleba, anaitwa Kemilembe, nesi, mpole, ana akili (alichokiona kwa Mujuni sikijui, lakini hilo si letu). Tulikwenda Kagoma kuposa kama inavyotakiwa, tukapokelewa, tukala ndizi mpaka tukashindwa kusimama, na wazee wa kule wakasema wamesikia, ila jibu hawatalitoa palepale. Watakuja kwanza kwetu Nyanga kuona nyumba ambayo binti yao ataingia, ndipo waseme ndiyo au waseme hapana. Kuona nyumba. Nakuomba uyashike maneno hayo mawili, kwa sababu mimi niliyaachia njiani kabla basi halijafika Bukoba.

Waliochaguliwa kuja walikuwa wawili. Wa kwanza ni Ta Kaijage (Ta na Ma kwetu Wahaya ni heshima ya mzee na ya mama), baba mkubwa wa binti, mzee asiyecheka. Wa pili ni Ma Kokushubira, shangazi yake, yeye anacheka sana, lakini anakucheka wewe.

Sasa nyumba yangu. Nyumba ni nzuri. Ukuta wa mbele umepigwa plasta, wa pembeni unasubiri zamu yake, na ule wa nyuma ulishakata tamaa. Siku zile mlangoni palikuwa na rundo la mchanga, hivi kwamba mgeni alipanda kidogo, akateremka, ndipo akawa ameingia sebuleni, na sebuleni akakaribishwa na mifuko ya saruji iliyokaa kwenye kochi kama wenye nyumba. Nikajiambia wakwe hawawezi kuyaona haya. Nikafanya uamuzi mdogo tu, mdogo kabisa, wa kuwapokelea hotelini mjini. Mke wangu alipousikia aliweka kisu chini (alikuwa anamenya ndizi) akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia asipike chochote, apumzike, mambo haya yanataka mtu aliyeona dunia.

Na dunia niliyoiona ndiyo hiyo hoteli. Jina lake nitalihifadhi, imenitosha aibu yangu bila kuongeza ya kwao. Nilipokuwa mdogo, baba akishauza kahawa, alinipitisha pale kabla ya kurudi nyumbani. Palikuwa na ngazi za mninga zinazong'aa hata ukaogopa kuzikanyaga, na wahudumu waliovaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu kiunoni, na kioo kikubwa ukutani ambacho ndani yake niliiona miguu yangu yote kwa mara ya kwanza (sikufurahi). Baba aliniketisha roshani ya juu na soda ya machungwa, nami nikawatazama watu wa chini barabarani nikiwahurumia.

Lakini kilichonikaa kichwani kuliko vyote ni kikapu kidogo cha ukili kilichokuwa juu ya kaunta ya mapokezi. Ndani yake mlikuwa na kamwani. Kwa wewe usiye wa huku nieleze: kamwani ni kahawa ya kutafuna. Buni huchumwa kabla hazijaiva sana, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa, na mgeni akifika nyumbani hupewa hizo kabla ya chakula na kabla ya maneno. Mwenyeji huchukua yake kwanza akaitafuna mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba haina ubaya, kisha ndipo anamkaribisha. Bila hiyo mzee wa Kihaya hawezi kufungua mazungumzo ya maana. Basi mapokezi ya hoteli ile kila aliyeingia alichota moja, na baba alichota mbili, moja akanitia kiganjani, nami nikajiona mtu mzima.

Hizo ndizo kumbukumbu nilizokwenda nazo, na ilikuwa miaka mingi sijakanyaga ndani.

Wakwe wakafika, nami nimevaa suti, na Mujuni amevaa ya kwangu nyingine. Hoteli ilikuwepo, siwezi kuisingizia. Kioo kilikuwepo pia, ila siku hizi kinakuonyesha mpaka kifuani tu, kuanzia hapo kwenda chini kimeingia ukungu, kwa hiyo miguu yangu ilinusurika. Ngazi zimevikwa zulia lenye rangi ya ugoro. Wale wahudumu wa kanzu nyeupe amebaki mmoja, hana kanzu, na siku hiyo alikuwa akikimbizana na semina iliyojaza nusu ya ukumbi wa kulia, watu wenye vitambulisho shingoni wakinywa chai ya saa nne. Tukapewa makochi ya kale yenye heshima zote. Ta Kaijage alipoketi, kochi lilimpokea, likaendelea kumpokea, mpaka magoti yake yakawa sawa na kidevu, na akabaki ananitazama kutoka kati ya magoti hayo.

Nikamwambia, kwa ile sauti ya kulifungua darasa, kwamba hapa ndipo wakubwa wote wa zamani walipokuwa wakifikia. Akatazama dari. Akasema, "Walitoka lini?"

Nikacheka peke yangu. Nikaagiza kahawa, na yule mhudumu akaleta chupa ya maji ya moto na kopo la kahawa ya unga. Hebu fikiria, tumezungukwa na mibuni kuanzia Nyanga mpaka Kagoma, na wazee wawili ambao wamelima kahawa maisha yao yote wamewekewa kopo na kijiko. Ma Kokushubira alilichukua kopo, akalitikisa karibu na sikio, akalirudisha. Ta Kaijage hakuligusa. Nilipoanza kumwuliza habari za mvua akaniitikia kwa kope. Mujuni akaniinamia na kuninong'oneza, "Baba mdogo, kamwani."

Mtoto alikuwa ananitazama kama zamani nilipokuwa namsaidia hesabu, akiamini kabisa kwamba jibu ninalo. Na kwa bahati mbaya nikalipata. Nikakumbuka kaunta.

Nikainuka, nikaenda mapokezi. Dada wa pale alikuwa ametoka kidogo. Na pale pale juu ya kaunta, niamini, palikuwa na kikapu kidogo cha ukili, na ndani yake kamwani zimejaa, nyeusi, nene, zinang'aa zenyewe. Moyo wangu ukajaa. Nikajisemea kwamba hoteli kubwa ni hoteli kubwa tu, yaani hata kahawa zao zinang'aa kuliko zetu. Kwamba nimsubiri dada niulize? Niulize nini, kitu kimewekwa kwa ajili ya wageni na mimi ni mgeni, tena baba yangu alichota humohumo. Nikabeba kikapu kizima.

Nilirudi natembea polepole, watu wa semina wanione. Nikasimama mbele ya wakwe, nikachukua moja, nikaitupia mdomoni kwa madaha, nikauma.

Haikuumika. Nikauma tena, ikapasuka, na hapo ikatoka ladha ambayo nimewahi kuikuta mara moja tu, nilipokuwa mtoto na nikalamba kiti cha kanisani wakati wa mahubiri. Ulimi ukanasa juu. Sasa naomba unielewe nilivyobanwa: mimi ndiye mwenyeji, nimetafuna mbele ya wageni kuwaonyesha kwamba ni salama, nikitema nimewaambia nini? Nikatabasamu. Nikatafuna. Nikawasogezea kikapu.

Ta Kaijage uso ukamfunguka kidogo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akachukua moja, Ma Kokushubira akachukua moja, Mujuni naye. Kukasikika mlio kama wa mtu anayevunja vijiti vikavu. Hakuna aliyetema, kwa sababu mgeni mwenye adabu hatemi kahawa ya mwenyeji, na mwenyeji mwenye adabu hatemi mbele ya mgeni, kwa hiyo watu wanne wenye adabu zao tulikaa tunatafuna, tunatazamana, machozi yanatulengalenga, na mimi wakati huohuo natakiwa kutoa hotuba.

Baada ya muda Ta Kaijage akauliza taratibu, maana midomo ilikuwa inashikana, "Mwalimu, hii mmeichemsha na nini?"

"Ni utaratibu wa hoteli, waitu," nikasema, na hiyo waitu nikaivuta kwa heshima zote za Kihaya.

"Hoteli," akasema Ma Kokushubira, na bega lake moja likaanza kutikisika.

Ndipo dada wa mapokezi akatokea mlangoni mwa ukumbi, akasimama katikati ya semina, akauliza kwa sauti ya kufika jikoni ni nani amechukua mapambo ya kaunta. Vitambulisho vyote vikageuka. Akaniona, akaona kikapu, akaona mashavu yetu. Akaja mbio, na simlaumu, alikuwa mtu mwema kweli, alinishika mkono kama mgonjwa.

"Mzee, hizo si za kula. Ni za kuangalia. Tulizipaka vanishi, wageni wanapenda kuzipiga picha."

Nilitamani kochi linipokee kama lilivyompokea Ta Kaijage, lakini nilikuwa nimesimama. Kutoka upande wa semina mtu akaangua kicheko, nikageuka, nikamtambua, mwanafunzi wangu wa zamani, mtoto niliyemwadhibu kwa kula mapera ya shule bila ruhusa. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Tuliambiwa tuombe kwanza."

Marahaba nilishindwa kuitamka, ulimi ulikuwa bado umenasa.

Ta Kaijage akatoa yake mdomoni, akaiweka juu ya kisahani. Ilikuwa inang'aa vilevile, utafikiri haijakutana na meno. Akaitazama kwa muda, akatafuta namna ya kutoka kwenye kochi (tulimvuta, mimi mkono huu, Mujuni mkono ule), akajipangusa koti, na nikajua yamekwisha. Mujuni naye alijua. Alikuwa amekishikilia kile kikapu kifuani kwa mikono miwili, uso umemsinyaa.

"Mwalimu," akasema Ta Kaijage, "sisi tulikuja kuona nyumba."

Basi tukaenda Nyanga. Ndani ya teksi hakuna aliyeongea, labda kwa hasira, labda kwa vanishi. Kumbuka kwamba mke wangu nilimwambia apumzike, asipike. Tulimkuta mgombani na kanga yake kuukuu, anakata majani makavu, matope mpaka kwenye kiwiko. Alituona tunavyoupanda mchanga mmoja mmoja, mimi na suti yangu mbele, Ma Kokushubira nyuma ameinua gauni, na hakuuliza lolote. Alinawa, akaja akapiga magoti, akawaamkia wageni mmoja baada ya mwingine bila haraka. Akaishusha mifuko ya saruji kutoka kwenye kochi. Akaleta maji ya kusukutua (sijui aliyaona wapi mambo yetu, ila aliyaleta). Kisha akaingia ndani, akatoka na kamwani juu ya kipande cha jani la mgomba, nyeusi isiyo na mng'ao wowote, imekunjamana kama kidole cha mzee. Akachukua moja, akatafuna. Akawakaribisha.

Ta Kaijage alitafuna macho yamefumba. Alikaa hivyo hata nikadhani amelala. Kisha akafumbua, akaangalia ukuta wenye plasta, akaangalia ule usio nayo, akamwangalia mke wangu na mikono yake ambayo bado ilikuwa na utomvu wa mgomba.

"Nyumba tumeiona," akasema. "Binti yetu mtampata."

Mujuni akaketi chini juu ya mchanga.

"Ila harusi msiifanyie kwenye ile hoteli," mzee akaendelea. "Na huyu Mwalimu asiguse kahawa."

Hapo ndipo Ma Kokushubira alipokiachia kicheko alichokuwa amekibana tangu mjini, akacheka mpaka akaliegemea rundo la saruji, na, sikufichi, nilimwona Ta Kaijage akigeukia ukuta wa nyuma, mabega yanamtikisika.

Harusi ilifana. Mimi, baba mdogo wa bwana harusi, mwenye suti, nilipangiwa kuelekeza magari pa kuegesha, nikayaelekeza vizuri sana. Watoto wa Nyanga wananiita Mwalimu Vanishi, na wanaamkia kwa heshima zote, shikamoo Mwalimu Vanishi, nami naitikia. Hotelini nilipeleka kamwani nyingine kujazia kikapu, dada akanishukuru, akazipaka vanishi. Sijaingia tena ndani zaidi ya hapo kaunta, na sitaingia, kumbukumbu zangu za pale nazitunza nyumbani ambako hakuna wa kuzipaka kitu.

Nawe usikate tamaa kama yamewahi kukupata ya namna hii, hayaui, nimeyajaribu. Fanya hivi tu: mgeni akija kuiona nyumba yako, mwingize humohumo kwenye mchanga wako, umpe maji, kisha chukua punje moja ya kahawa, uikune kwa ukucha, uitafune mwenyewe mpaka iishe, ndipo umkaribishe.