Sakafu Iliyopiga Mwano

Nakumbuka Jumapili moja ya msimu wa pamba, mwanangu, ambayo sakafu ilipiga kelele na mimi nusura nizikwe ugenini. Usicheke. Unaniona na fimbo yangu hii, unadhani nilizaliwa mzee. Nilikuwa mpakiaji wa marobota, kijana wa mabega mapana, na mbio zangu zilijulikana.

Soko huria lilikuwa bado jipya. Zamani mkulima wetu alikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, ampende asimpende. Ghafla wakaja matajiri binafsi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Mmoja wao alijenga jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Kasoli. Mimi nikatoka kwetu Mwanhuzi, ambako mvua ni ya kubahatisha, nikaenda kutafuta kibarua. Sikuwa na ndugu pale. Niliyemzoea ni Mayu Limi, mama aliyepika chai na viazi karibu na geti, na alinizoea kwa sababu nilikula sana.

Nyuma ya jineri lilikuwapo ghala tulilokatazwa. Ndani zilikaa dawa za kuua wadudu, pamoja na mbegu za kupanda zilizokwisha kupakwa sumu. Hata sisi wapakiaji hatukuingia bila msimamizi. Lakini mbegu zilikuwa zinapungua na mlinzi hakuona mtu. Tajiri akaleta fundi kutoka Dar es Salaam, kijana mpole aitwaye Rajabu. Huyo alifumua sakafu, akatandika chini ya mbao uzi wa kioo mwembamba kama unywele, ukazunguka ghala zima. Alitueleza kwamba ndani ya uzi ule unapita mwanga. Ukikanyaga ubao, uzi unabonyea na mwanga unapungua. Kisanduku kilichoko ofisini kinaliona hilo, kinawasha taa ya sehemu iliyokanyagwa na kupiga king'ora.

"Panya haiwashi, paka haiwashi, nimeirekebisha," alisema. "Ikilia, jueni kaingia mtu."

Neno hilo la mwisho tulilimeza zima zima, bila kutafuna.

Sasa sikiliza, maana wewe umekulia mjini Bariadi kwenye bodaboda na honi, huenda hujui. Kwetu Wasukuma kuna mwano, ile kelele inayopigwa ng'ombe wanapoibwa. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha ugali, unakimbia. Na unapokimbia nawe unaupiga, ili wa kitongoji cha mbele auchukue. Anayekutwa mwisho wa mbio hizo na ng'ombe asiye wake, hali yake sitakusimulia wakati wa kula. Fundi alipokijaribu king'ora chake mara ya kwanza, wenyeji walidhani ndio mwano wenyewe umekuja kwa njia ya umeme. Walifika na fimbo na pinde, Rajabu akaingia chini ya meza. Tangu hapo king'ora cha jineri kikaitwa mwano, na kila aliyekisikia alijua wajibu wake.

Jumapili hiyo kazi ilikuwa imesimama. Watu walikuwa wanarudi kanisani, mlinzi alikuwa amezunguka upande wa jenereta, nami nilikuwa kwa Mayu Limi, kiazi mkononi. Mara sakafu ikalia.

Mwanangu, ujana una kiburi chake. Niliona bahati yangu imefika. Mimi mgeni, asiyejulikana ukoo wake, nitamkamata mwizi peke yangu, na jioni wasichana wote watalitaja jina langu! Nikatupa kiazi, nikaondoka mbio, na mdomo nikaufunga. Sikuupiga mwano hata kidogo, kwa kuwa sikutaka mwingine afike kabla yangu. Wahenga walishasema mkamia maji hayanywi.

Nilipofika, mlango wa nyuma wa ghala ulikuwa umeegeshwa tu. Waliopakia jana yake hawakulisukuma komeo. Nikaingia. Mwizi hakuwapo. Alikuwapo ndama, mwenye baka jeupe usoni, analamba mbegu zilizomwagika sakafuni. Unajua ng'ombe wanavyopenda mbegu za pamba. Lakini hizi zilikuwa za sumu, na yule mjinga alizilamba kama chumvi! Sikufikiri lolote. Nilimshika sikio na mkia, nikamsukuma hadi nje.

Na nje ndipo nilipokutana na mlinzi. Alichokiona ni kijana wa kuja, anatoka mahali palipokatazwa, king'ora kinalia, mkononi ana ndama wa watu. Angefikiri nini? Akapiga mwano halisi, wa koo, na watu waliokuwa njiani kutoka kanisani wakaugeukia. Kabla sijamaliza kusema "hapana" nilikuwa nimekaa chini katikati ya miguu na fimbo. Mmoja akanipiga begani. Mwingine akauliza ndama ni wa nani, wakajibu kwa pamoja kwamba ni wa Mzee Ngusa, kiongozi wa sungusungu. Hapo nikajua nimekwisha. Nitakwambia ukweli, nililia. Nilimwita mama yangu, naye yuko Mwanhuzi.

Mzee Ngusa alikuja akitembea. Watu wote walikimbia siku ile, yeye alitembea. Akamtazama ndama wake, akanitazama mimi, akasema maneno mawili tu: "Kaeni chini." Wanaume wakakaa, fimbo mapajani. Ukiwa umekaa, mwanangu, ni vigumu kumpiga mtu vizuri.

Rajabu akaitwa. Akasema kwamba mashine haikosei, sakafu imekanyagwa na kitu kizito.

"Sijauliza kama imekanyagwa," mzee akasema. "Nauliza hivi, kelele ilipoanza, huyu alikuwa wapi?"

Nilitaka kujibu, lakini neno la mtuhumiwa lina uzito gani? Ndipo Mayu Limi, aliyekuwa bado anahema kwa kukimbia, akapita katikati ya wanaume.

"Alikuwa kwangu, bhabha. Kelele imelia, kiazi changu kiko mkononi mwake. Ndipo akaondoka. Mngeniuliza tangu mwanzo, mngeacha kumuumiza mtoto wa watu."

Rajabu akakimbia ofisini, akarudi akitweta. Taa iliyowaka kwanza ilikuwa ya mlango wa nyuma, halafu ya katikati, pale penye mbegu. Akamtazama ndama, akajishika kichwa. "Mimi nilifikiria panya na paka," akasema. "Kwetu Dar ndama haingii ndani." Watu wakacheka, kwanza kidogo, halafu sana, na mimi nikacheka huku machozi yananitiririka. Sijawahi kuonja hewa tamu kama ya mchana ule. Aliyenipiga begani ndiye aliyeniinua, akanikung'uta vumbi.

Ndama alioshwa mdomo, akachungwa kivulini hadi jua likatua. Kesho yake alikuwa ananyonya kama kawaida. Mlango wa nyuma ukafungwa komeo, na Rajabu, mtu muungwana, akaongeza sheria yake mwenyewe: king'ora kikilia, wanaenda wawili, wanatazama kwanza.

Lakini Mzee Ngusa hakuniacha niondoke hivi hivi. Alinikalisha kando yake, nikadhani atanishukuru kwa ndama. Akaniita mwanawe kwa Kisukuma, akauliza, "Ng'wana wane, mwano hujibiwa na nini?" Nikamwambia, na mwano. "Mbona wewe ulikimbia kimya? Ungeitikia, kila sikio hapa lingejua uko upande gani. Watu hawakuona moyo wako, waliona mikono yako tu." Kisha akawageukia wale wenye fimbo, akawaambia kwamba yeye ndiye mwenye ndama na yeye ndiye mwenye uchungu, kama yeye ameweza kuuliza, wao walikuwa na haraka ya nini?

Basi mwanangu, leo nyumba zimejaa kamera, milango inalia, na simu zinajua umelala wapi. Huenda nawe utaajiriwa kukaa mbele ya kioo, utazame taa zikiwaka. Usizidharau, bila sakafu ile ndama angekufa. Ila shika hili: chombo kinakwambia pamekanyagwa. Nani amekanyaga, na kwa nini, ni kazi yako wewe mwenye masikio na ulimi. Kuuliza si ujinga. Fimbo ikishatua hairudi juu, na majuto ni mjukuu. Na siku utakapokimbilia kutenda jema, usilikimbilie kimya ili sifa iwe yako peke yako. Paza sauti, ita wenzako, waone unakoelekea.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe macho ya kuona mbali na subira ya kutazama mara ya pili. Na siku ukikalishwa chini peke yako katikati ya fimbo, akupe mtu mmoja wa kuuliza ulikuwa wapi, na mwingine asiyeogopa kujibu.